Macho yanawasha mwaka wa tatu: tuanze na chupa iliyo mkobani mwako

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tanga, kazi yangu ni ushonaji. Macho yananisumbua mwaka wa tatu sasa. Yanawasha, yanachoma, yanakuwa mekundu, mara yanatiririka machozi kama nalia. Asubuhi naamka yamegandana. Duka la dawa walinipa matone ya deksamethasoni na neomaisini. Nikitia, baada ya siku mbili macho ni meupe kabisa. Nikiacha, wiki haiishi yamerudi. Nimeshamaliza kama chupa kumi. Nimepima miwani nikaambiwa naona vizuri. Nimeacha samaki na mayai, sioni tofauti. Mwanangu wa kiume wa miaka saba naye ameanza kufikicha macho, nikamtilia hayohayo akapata nafuu. Nini kinasababisha, na nitapona lini?

JIBU: Marahaba, dada. Umeuliza mambo mawili, chanzo na kupona, na yote nitayafikia. Ila kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili: chupa kumi.

Deksamethasoni ni steroidi. Kazi yake ni kuzima mwasho na wekundu, uwe umeletwa na vumbi, moshi, rangi ya nywele au kitu kingine chochote. Ni kama kumfunga mbwa mdomo usiku: kelele zimekwisha, mwizi bado yumo uani. Ndiyo maana macho yako yanakuwa meupe kwa siku mbili, na ndiyo maana yanarudi.

Lingekuwa hilo tu, ningekuambia unapoteza pesa. Lakini katika kila watu watatu wanaotia steroidi machoni kwa wiki kadhaa mfululizo, karibu mmoja presha ya jicho lake hupanda, na wachache hupanda sana. Hii si presha ya damu unayopimwa mkononi; mtu anaweza kuwa na presha nzuri ya damu huku ya jicho iko juu. Haiumi wala haiwashi. Hula mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na kwa kawaida huanza na uoni wa pembeni. Kipimo cha miwani, zile herufi za ukutani, kinapima katikati ya uoni tu, kwa hiyo kuambiwa unaona vizuri hakutoshi kukutoa wasiwasi. Steroidi hiyohiyo huleta mtoto wa jicho kwa watu ambao umri wao bado, na mtu akiwa na kidonda cha fangasi au cha virusi vya hepesi kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, humwagia petroli.

Kwa hiyo kabla hatujaanza kumtafuta mwizi: wiki hii nenda kliniki ya macho, uombe kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa nyuma. Kwako pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam, CCBRT na Muhimbili wanapima. Ukielekea Moshi, KCMC. Presha ikikutwa juu, kwa wengi hushuka yenyewe dawa ikiachwa. Kilichokwisha kuliwa kwenye mshipa ndicho hakirudi, na ndiyo maana nasema wiki hii badala ya mwezi ujao.

Chupa ya 11 usinunue. Nakuonya mapema, ukiacha, macho yatawaka siku kadhaa, pengine kuliko yalivyokuwa mwanzo. Watu wengi hushindwa hapo na kurudi dukani wakisema dawa ndiyo inayowafaa. Mwambie daktari idadi ya chupa bila kuona haya. Yeye ataamua kama upunguze polepole au uache mara moja. Na ujifunze kuzitambua dawa hizi mwenyewe: soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara. Likiishia na herufi -sone au -lone, mara nyingi ni steroidi, hata kama muuzaji amekuambia ni antibayotiki. Wakati mwingine ni zote mbili kwenye chupa moja, kama hiyo yako. Neomaisini iliyomo nayo ni maarufu kwa kuleta aleji kwenye ngozi ya kope, kwa hiyo sehemu ya mwasho wako inaweza kuwa inatoka ndani ya dawa yenyewe.

Sasa tumtafute mwizi. Umeandika maneno ambayo watu huyachanganya, lakini kwangu kila moja linaelekeza kwake. Kuwasha, ule mwasho unaokufanya ufikiche kona ya ndani kwa kifundo cha kidole mpaka usikie raha, mara nyingi ni aleji. Kuchoma na kuhisi mchanga ni ukavu. Kuamka macho yamegandana, bila usaha mwingi na kwa miaka, ni pindo za kope. Wewe una yote matatu, nalo si jambo la ajabu. Mara nyingi hutembea pamoja, na kila moja humchokoza mwenzake.

Najua utashangaa: nawezaje kuwa na macho makavu na huku machozi yananitiririka? Machozi mazuri si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati maji, juu kabisa utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Utando ukipasuka, kioo cha jicho kinabaki wazi, neva zake zinapiga kelele, na ubongo unaagiza maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, yanamwagika mashavuni, na baada ya dakika chache jicho ni kavu tena.

Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ndani ya kope, kama 25 hadi 40 kope ya juu na pungufu kidogo ya chini. Daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo tunaziita kwa jina lake. Zikiziba, mafuta yanaganda kama samli ya baridi, pindo la kope linavimba, na asubuhi unaamka na tongotongo kavu kwenye nywele za kope. Kinachofaa hapa hakiuzwi duka la dawa. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia ukiyajaribia upande wa ndani wa kiganja cha mkono, kikamue, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Baada ya dakika mbili kitakuwa kimepoa, na hapo ndipo wengi huishia. Kichovye tena. Rudia mpaka zitimie dakika nane au kumi; samli haiyeyuki kwa kupitishiwa moto mara moja. Kisha kwa kidole safi sukuma kope ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu, taratibu, uelekee pindo. Malizia kwa kufuta mizizi ya nywele za kope na pamba iliyochovywa kwenye maji yenye tone la shampuu ya watoto. Fanya kila siku kwa mwezi mzima kabla hujasema haisaidii.

Twende kwenye kazi yako, maana hapo ndipo ninapomshuku mwizi zaidi. Mtu akiwa anaongea tu barazani hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila kupepesa ni kupaka upya ule utando. Sasa jiangalie unapotunga uzi, au unapofuata ukingo wa lasi chini ya sindano: unakodoa. Kupepesa kunashuka hata chini ya nusu, na kunakopatikana ni nusunusu, kope ya juu haiifikii ya chini. Wanaoshinda kwenye simu na kompyuta wana shida hiihii. Halafu Tanga kuna joto, na sijawahi kuingia kwa fundi cherehani wa pwani nisikute feni. Iko wapi yako? Kama inakupiga usoni, iteremshe ipulize miguu au mgongo. Ni badiliko la bure, na nimeona watu likiwapunguzia nusu ya maumivu. Usiku vilevile, wapo wanaolala kope hazijafunga vizuri, na feni inawakausha mpaka alfajiri. Muulize anayelala karibu nawe kama weupe wa jicho lako unaonekana ukiwa usingizini. Na kila ukimaliza mshono mmoja, fumba macho polepole, hesabu mbili, fumbua, mara tano.

Nyuzinyuzi za vitambaa nazo zinachokoza, hasa ukikata vitambaa vya manyoya au kufumua nguo za mtumba zilizokaa kwenye marobota. Vitambaa vipya vingine hutiwa dawa kiwandani ili visikunjamane, na dawa hiyo huwasha ngozi za watu. Osha mikono kabla ya kugusa uso, si baada ya kumaliza kazi tu.

Nikwambie kisa kimoja, maana kilinifundisha kuwa mnyenyekevu. Nilimhudumia mama mmoja miezi mitano kwa kope zilizovimba na kuchubuka, nyekundu pembezoni, jicho lenyewe likiwa jeupe. Nilibadilisha dawa, nikabadilisha sabuni, nikamwambia aondoe zulia. Siku moja alikuwa anasaini karatasi mezani kwangu, nikaona kucha: nyekundu, zimepakwa jana yake. Nikamuuliza anapaka mara ngapi. Kila Ijumaa. Rangi ya kucha haimdhuru mtu kwenye kidole, ngozi ya hapo ni nene. Lakini usingizini mkono unagusa kope, na ngozi ya kope ni nyembamba kuliko karibu yote mwilini. Aliacha, na baada ya wiki tatu nilikuwa sina kazi naye tena. Tangu siku hiyo naangalia mikono kwanza. Kwa nyinyi wa pwani naongezea piko: ile rangi nyeusi ya harusi mara nyingi imechanganywa na dawa ya rangi ya nywele, na mtu aliyeshapata aleji nayo anaweza kuvimba kope hata kama haikugusa uso. Gundi ya kope za bandia ni hivyohivyo. Na wanja, hasa ule wa unga wa kusagwa usiojulikana umetoka wapi, una tatizo la ziada, kwani baadhi una madini ya risasi, na huo usimpake mtoto kamwe.

Nyumbani, mshukiwa wangu wa kwanza ni mto wa kulalia. Utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, hupenda joto na unyevu, na Tanga ina vyote viwili mwaka mzima. Mto wa sufi uliorithiwa kwa mama mkwe ni nyumba yao. Anika godoro na mto juani, foronya na shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na ukiweza nunua mto mpya uufunge kwenye kifuniko kilichofumwa kwa karibu. Mende na manyoya ya paka nao wamo. Kisha moshi. Kama unapika kwa kuni au mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha, au unachoma dawa ya mbu ya mviringo chumbani, au unafukiza udi kila Alhamisi jioni mpaka nyumba inakuwa ukungu, macho yanajua. Sikukatazi udi. Fukiza nguo, toka nje, urudi moshi umetulia.

Samaki na mayai, kula. Aleji ya chakula kwa mtu mzima huja na mwili kuvimba, vipele, tumbo. Kuleta mwasho wa macho peke yake kwa miaka mitatu ni nadra mno. Sijui nani alianzisha habari ya kuwaachisha wagonjwa wa macho samaki, lakini kila mwezi nakutana nayo.

Utajuaje sasa ni kipi kati ya hivi vyote? Usifanye kosa la kubadilisha kila kitu Jumatatu moja; ukipata nafuu hutajua ni kwa sababu ya feni au mto, na utaishi kama mfungwa nyumbani mwako. Chukua daftari la mtoto. Kila siku mara tatu, unapoamka, mchana na kabla ya kulala, andika namba kutoka 0 hadi 10, moja ya kuwasha na moja ya kuchoma, na neno moja au mawili ya ulichokuwa unafanya. Wiki mbili za kwanza usibadilishe chochote isipokuwa zile steroidi, kwa maelekezo ya daktari. Kisha saa yenyewe itaanza kusema. Yanayosumbua unapoamka yanatoka kitandani, kwenye feni ya usiku au pindo za kope. Yanayopanda kadiri siku inavyokwenda ni ukavu wa kazini. Yanayolipuka saa ya kupika ni moshi. Ukienda Lushoto harusini siku nne, hukushona, ukalala kitanda kingine, macho yakatulia, ushahidi huo ni mzuri kuliko kipimo cha damu cha aleji ambacho watakutoza pesa nyingi. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kila wiki mbili. Anza na feni, ufuate mto.

Kuhusu matone ya kutumia wakati huo, muulize daktari juu ya mambo mawili. La kwanza ni machozi ya bandia, yenye haipromelosi au kaboksimethiliselulosi, mara nne kwa siku au zaidi. Yanasafisha vumbi na kuziba pengo la ukavu. Ukijikuta unatia zaidi ya mara nne kila siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi kinachotumika zaidi, benzalkoniamu, nacho huchubua jicho kikizidi. La pili ni dawa ya aleji isiyo steroidi. Olopatadini hutiwa mara mbili kwa siku na hufanya kazi upesi. Kromoglikati ni ya bei nafuu, hutiwa mara nne, na huhitaji wiki mbili hivi kabla ya kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu. Yale matone ya kufanya macho meupe, yenye nafazolini au tetrahaidrozolini, yaache. Hubana mishipa kwa saa chache, na ikiachia wekundu hurudi umeongezeka. Vidonge vya piritoni ukivimeza kila siku vinakausha machozi pia. Kitambaa cha baridi juu ya macho kwa dakika tano hutuliza hamu ya kufikicha.

Namna ya kutia nayo ina maana. Vuta kope ya chini iwe kama mfuko, tone moja linatosha, mdomo wa chupa usiguse nywele za kope, fumba, na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja. Kama una dawa mbili, ziachanishe dakika tano. Chupa ikishafunguliwa, andika tarehe kwa kalamu juu yake, na siku ya 28 itupe, hata ikibaki nusu.

Kliniki wasiridhike na kukumulikia tochi. Wanatakiwa wapindue kope ya juu waangalie ndani yake: kama pamejaa vijiwe kama kokoto za barabara, ni aleji nzito, kama kuna makovu meupe au nywele zinazoelekea ndani na kukwaruza jicho, wafikirie trakoma (vikope), hasa kwa waliokulia bara kama Kongwa na sehemu kavu za namna hiyo. Wataweka rangi ya manjano kuona kama kioo kimechubuka, na wanaweza kuning'iniza kikaratasi kwenye kope ya chini kwa dakika tano kupima kiasi cha machozi. Karatasi ikilowa chini ya milimita 5, ukavu ni mkubwa. Hapo nataka ujiulize kitu kingine: je, mdomo nao umekauka, mkate haushuki bila maji, vidole vinauma na kukaza asubuhi? Ukiwa na hivyo, sema. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate; daktari wa Sweden, Henrik Sjögren, aliuandikia mwaka 1933, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Huo hauponi kwa kuhamisha feni.

Hali chache usizisubirishe mpaka daftari lijae. Maumivu makali, mwanga kukuchoma, kuona kupungua, doa jeupe juu ya mboni, nenda siku hiyohiyo. Jicho moja tu kuwa jekundu kwa miezi, na kinyama kinachokua pembeni ya mboni, kichunguzwe hata kama hakiumi. Mara nyingi ni kinyama cha jua na vumbi tu, lakini huku kwetu saratani ya uso wa jicho huanza kwa sura hiyohiyo, hasa kwa wenye maambukizi ya VVU. Na usikubali kutiliwa maziwa ya mama, maji ya majani wala mkojo. Vidonda vya kioo nilivyovikuta baada ya hayo ni vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ulisema utapona lini. Ukavu na pindo za kope, ukifanya niliyoyasema, tegemea tofauti baada ya wiki nne hadi sita. Mwelekeo wa aleji huenda ukabaki nao maisha yako yote, ila mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kuusikia akishajua adui yake. Nisingekuahidi zaidi ya hapo, na anayekuahidi zaidi ana chupa ya kukuuzia.

Mwanao siwezi kumjibia kwa maandishi. Wavulana wa umri wake huku kwetu hupata aleji ya macho ya aina nzito. Weupe wa jicho hugeuka kama umemwagiwa chai, na ute hutoka mzito wa kuvutika kama uzi. Wengi hupoa wakifika balehe. Wanaofikicha miaka yote hiyo ndio tunaowaogopea, kwani kioo huweza kuchongoka kama ncha ya yai na miwani isisaidie tena. Na kwa watoto presha ya jicho mara nyingi hupanda haraka kuliko kwetu sisi. Kwa hiyo nenda naye siku hiyohiyo, upimwe wewe apimwe na yeye. Asubuhi hiyo usimtilie chochote, osha uso wake kwa maji tu, na ile chupa usiitupe; ipelekeni, daktari aisome mwenyewe.